Neno la Siri la Ndiva

Mwaka ambao Kampuni ilitangaza kuwaacha wateja wake wadogo, watu wa Ikongwe walichukua siku mbili kuelewa kwamba wateja wadogo ni wao.

Tangazo lilitoka kwenye spika ya nyumba ya mitambo, kwa sauti ileile ya upole iliyokuwa ikiwasomea zamu za maji kila asubuhi. Ilishukuru kwa miaka kumi na minne ya kushirikiana. Ikasema Jumamosi saa sita mchana mfumo utazimwa, na malango yote yatabaki kama yalivyo saa hiyo. Halafu ikaendelea kusoma zamu za siku, lango la kwanza mpaka la kumi na mbili, kana kwamba haijasema neno lolote la kutisha.

Ikongwe iko juu milimani, Upareni, na inaishi kwa ndiva. Hilo ni bwawa walilolichimba mababu kukusanya maji ya kijito, yakateremshwa kwa mifereji mpaka kwenye mashamba ya tangawizi na migomba ya kaya mia tatu. Zamani malango yalifunguliwa kwa mikono. Kampuni ilipokuja iling'oa magurudumu ya kuzungushia, ikaweka malango ya chuma yanayosukumwa na mota, na mota zote zikawa zinaamriwa na kisanduku kimoja cha kijani. Kisanduku kilikuwa mali ya kijiji. Akili iliyokuwa ndani yake ilikuwa ya kukodi.

Hivyo ndivyo ulimwengu mzima ulivyokuwa ukiendeshwa miaka hiyo. Unanunua jokofu, jembe la umeme, kitanda cha hospitali, lakini mfumo unaoviendesha unashuka wenyewe kutoka satelaiti na unaweza kuondoka wenyewe. Watu walizungumza na mashine, mashine zikatii. Mtoto wa darasa la saba hakuwa amewahi kuona kibodi.

Nakundwa Mshana alikuwa na miaka arobaini na saba, na alikumbuka kibodi vizuri. Alifanya kazi miaka kumi na minane Dodoma, kwenye kumbi za mashine, mpaka mashine zilipojifunza kujitengeneza, akarudi nyumbani kulima tangawizi. Hakusikitika. Udongo ulimpendeza kuliko alivyotegemea. Lakini chini ya sanduku lake la nguo alikuwa na flashi moja, ndogo kuliko kidole, na ndani yake mlikuwa na Linux: mfumo endeshi usiokodishwa na mtu, ulioandikwa na watu maelfu kwa maelfu, ambao yeyote angeweza kuusoma, kuurekebisha na kumpa jirani.

"Utafanya kazi kwenye kile kisanduku?" mwenyekiti wa kamati ya maji alimuuliza.

"Utafanya. Ila haujiweki wenyewe. Lazima niuweke kwa mkono, hatua kwa hatua."

"Kwa mkono," mwenyekiti alirudia, akicheka kidogo. "Basi tumerudi kwenye magurudumu."

* * *

Alhamisi saa mbili asubuhi walifungua nyumba ya mitambo wawili tu. Mwenyekiti, Zephania Kiondo, alikuwa mtu wa miaka sitini na miwili, mrefu, mwenye kofia ya kitambaa asiyoivua hata kanisani mpaka akumbushwe. Kijiji kizima kilimwogopa kidogo na kumwamini sana. Sheria ya Ikongwe ilikuwa kwamba kaya isiyotoa mtu kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzoa tope na kuziba mifereji, inapoteza zamu yake ya maji. Zephania aliisimamia sheria hiyo bila kumtazama mtu usoni. Alishawahi kumkatia maji hata ndugu yake wa tumbo moja.

Kibodi ilipatikana kwenye kabati la shule, chini ya ramani. Nakundwa aliipangusa kwa upindo wa kanga, akaichomeka, kisha akachomeka flashi.

"Sasa tazama," alisema. "Nikikiwasha kawaida, kinaamka mfumo wa Kampuni. Nikibonyeza hapa mapema, nakiambia kiamkie kwenye flashi. Ule wa Kampuni unabaki umelala kwenye diski, na sisi tunapita chumbani mwake taratibu."

Skrini ikawa nyeusi. Mistari myeupe ikakimbia juu yake, mingi, haraka, halafu ikasimama. Kialama kidogo kikabaki kinapepesa, kinasubiri.

"Kimekufa?" Zephania aliuliza.

"Kinakusikiliza. Hakiongei mpaka ukiambie kitu."

Zephania alitazama kile kialama kwa muda. Kilimpendeza, ingawa hakusema. "Vizuri. Basi futa kila kitu, tuanze."

"Nitafuta. Kwanza nitoe vipimo vya malango. Kila lango lina uzito wake. Nisipovinakili nitakuwa nabahatisha kwa mwezi mzima."

"Hivyo vipimo si tutavipima upya?"

"Mwenyekiti, vipo hapa. Dakika tano tu."

"Mimi nasema futa," alisema Zephania, na sauti yake ilikuwa imekaza kuliko jambo lenyewe lilivyostahili. Nakundwa alidhani ni hofu ya Jumamosi. Akaendelea.

Aliifungua diski ya Kampuni kwa kusoma tu, bila kuigusa. Mfumo ukiwa macho ulikuwa unaficha nusu ya mafaili yake mbele ya wateja; ukiwa umelala haukuweza kuficha kitu. Vipimo alivipata upesi, akavinakili kwenye flashi. Kando yake palikuwa na faili nyingine, fupi sana, yenye jina la kuchosha: amri za mteja mkuu zisizotangazwa.

Ilikuwa na mstari mmoja. *Lango la saba. Saa kumi na nusu alfajiri. Dakika thelathini. Kila siku. Isisomwe kwenye zamu. Aliyeamuru: mwenyekiti.* Tarehe ilikuwa ya miaka minane na nusu iliyopita.

Nakundwa aliusoma mara mbili. Shamba la Zephania Kiondo lilikuwa kwenye mfereji wa lango la saba.

Alihisi uso ukimchoma, kama vile yeye ndiye aliyefumaniwa. Alimkumbuka mama yake akirudi kutoka msaragambo na tope mpaka magotini, ana homa, kwa sababu Kiondo hakubali visingizio.

"Mwenyekiti," alisema bila kugeuka. "Lango la saba lina nini alfajiri?"

Alipogeuka, Zephania alikuwa amevua kofia na kukaa juu ya kreti la betri.

"Nilikuambia ufute," alisema.

"Ni maji ya nani?"

"Si yangu."

"Shamba lako liko kwenye mfereji huohuo."

"Liko mwisho wa mfereji. Alfajiri mitaro yetu sote imezibwa. Mtaro mmoja tu huwa wazi, wa kwanza chini ya lango, kwa sababu mwenye shamba hana zamu na hakuna anayehangaika kuuziba." Akazungusha kofia mikononi. "Shamba la Senzota Mrutu."

Nakundwa alimjua Senzota, kama kila mtu alivyomjua. Mke wake, Nambiza, alipata kiharusi miaka tisa iliyopita. Hawakujaliwa mtoto, na ndugu walikuwa mbali. Senzota aliacha kuja msaragambo, mara tatu, mara nne, na jina lake likasomwa mkutanoni. Aliombwa ajieleze. Alisimama akasema, "Sina la kueleza," akaondoka, na maji yake yakakatwa.

"Nilimsomea jina mimi mwenyewe," Zephania alisema. "Mwezi uleule nilikuwa nimemkatia ndugu yangu. Ningemwachia Senzota, wangesema nachagua. Nikakata. Halafu siku moja napita njia ya pale kwake, dirisha liko wazi, namwona anamwogesha mkewe. Kwa kikombe. Anamwaga maji kidogo kidogo kichwani, huku amemkinga macho kwa kiganja. Nikarudi hapa. Nikaiambia mashine. Ikasema sawa, mwenyekiti. Hata haikuniuliza kwa nini."

Nje maji yaligonga chuma cha lango la nne.

"Mbona hukulipeleka mkutanoni?"

"Wangeniuliza na wale wengine je. Na yeye angekataa huruma yangu, unamjua." Alinyanyua macho. "Nakundwa, wewe ndiye utakayeandika zamu kwenye huo mfumo mpya. Uandike na huo mstari. Dakika thelathini tu. Nani atajua?"

Hilo ndilo swali lililomkalia Nakundwa. Kwenye Linux yuko mtumiaji mmoja anayeitwa mzizi. Anaweza kufungua kila faili, kubadilisha kila kitu, kuficha chochote, na mfumo haumbishii. Siku ya kuuweka ndiyo siku ya kumpa mzizi neno lake la siri. Mfumo wa Kampuni ulimtii Zephania gizani. Huu wake ungemtii Nakundwa vilevile, tena bila hata Kampuni ya kuuliza. Kesho mstari wa huruma. Mwakani mwingine, labda wa mtu aliyemwonea huruma zaidi. Na akifa, atakayerithi neno la siri atarithi maji ya kaya mia tatu. Lakini akiufuta mstari akanyamaza, Senzota anakauka kiangazini. Na akiutoa mkutanoni, anawavua nguo watu wawili mbele ya kijiji.

Mkono wake ulikuwa kibodini. Amri ya kufuta diski ilikuwa imeshaandikwa, ilibaki kubonyeza. Akaifuta herufi moja moja, akaizima mashine, akaiacha iamke tena na mfumo wa zamani.

"Leo siweki," alisema. "Tuna mpaka Jumamosi. Twende kwake."

"Kwa nani?"

"Kwa mwenye maji."

* * *

Zephania alifika mpaka kwenye ua wa mivumanyuki, vichaka vya maua vilivyozunguka nyumba ya Senzota, akasema atasubiri hapo. Nakundwa aliingia peke yake.

Senzota alikuwa barazani anakata tangawizi vipande vyembamba vya kuanika, na mlango wa chumbani ulikuwa wazi ili Nambiza kitandani aone uani. Nakundwa aliwaamkia wote wawili, akakaribishwa kigoda, akaulizwa habari za nyumbani mpaka zikaisha. Kisha akasema lililomleta, moja kwa moja, kwa sababu hakuona njia nyingine: mstari, lango, dakika, na nani aliyeamuru.

Kisu kilisimama mkononi mwa Senzota.

"Zephania?" alisema.

"Ndiye."

"Zephania Kiondo?"

"Ndiye, kaka."

Senzota aliweka kisu chini. Alikaa akitazama viganja vyake vilivyokuwa vya manjano kwa tangawizi. Nakundwa alisubiri hasira, kwa kuwa watu walisema ana hasira. Aliyoyasikia yalikuwa mengine.

"Mimi nilidhani lango limeharibika," alisema Senzota. "Miaka yote hii. Nilidhani linavuja alfajiri, na mimi najua, na sisemi. Naamka kabla ya watu naenda kuchukua maji nisiyostahili. Kila nikisikia mnaita msaragambo wa kukarabati malango, nasema leo watalikuta bovu, watalitengeneza, na watajua nilikuwa nawaibia."

Kutoka chumbani ikatoka sauti, nzito upande mmoja lakini safi. "Kila Jumapili anaungama. Padri amechoka naye."

"Nambiza."

"Si kweli?" Nambiza alikuwa akicheka kwa nusu ya uso, na machozi yakimtoka kwenye nusu zote mbili. "Miaka tisa mtu mmoja anaiba maji yake mwenyewe, na mwingine anayatoa kama anayaiba. Wanaume! Huyo Zephania yuko wapi?"

"Yuko hapo nje, kwenye ua wa mivumanyuki."

"Mwiteni."

Senzota alisimama akaenda ukingoni mwa baraza. Watu hao wawili walitazamana juu ya ua. Zephania akainua kofia kidogo, akairudisha, akageuka akashuka njia haraka haraka, na ilikuwa wazi kwamba si dharau iliyomwondoa.

"Muache," Senzota alisema. Akarudi kukaa. "Wewe unatakaje, Nakundwa? Umekuja kuniambia tu?"

"Nimekuja kukuuliza. Huo mstari nikiuandika tena, nataka uandikwe wazi, kwa kura ya mkutano, pamoja na sababu. Ukitaka sababu yako isisemwe, sitaisema. Lakini kwa siri siuandiki. Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Najiogopa mwenyewe."

Senzota alimtazama mkewe kupitia mlangoni. "Hii habari ni ya Nambiza zaidi kuliko yangu," alisema. "Yeye ndiye asiyetaka kuonekana hivi alivyo."

"Nilikuwa sitaki," alisema Nambiza. "Mwaka wa kwanza. Na wa pili. Tangu hapo hakuna aliyeniuliza tena."

* * *

Mkutano ulikaa Ijumaa mchana, kwenye uwanja wa shule, na haukuwa mtulivu. Zephania alisimama akaeleza alichokifanya kwa sentensi nne, akaweka kofia mezani, akasema wakimtaka ajiuzulu atajiuzulu. Watu walinung'unika. Mama mmoja aliyekatiwa maji misimu miwili kwa kukosa msaragambo siku tatu alilia kwa uchungu wa haki kabisa, akataka kujua yeye lango lake la siri liko wapi. Zephania alikiri mbele ya wote kwamba halipo.

"Mkifungua mlango huu," mzee mmoja wa mtaa wa chini alisema, "kesho kila nyumba itakuwa na mgonjwa."

Ndipo Senzota aliposimama nyuma kabisa. Wengi hawakuwa wamesikia sauti yake mkutanoni tangu siku ile. "Sitaki maji ya mgonjwa," alisema. "Nataka kazi. Tope mnalizoa kwa vikapu, na vikapu vyenu vibovu, vinamwaga nusu njiani. Mimi nasuka. Nipeni idadi, nitasuka nikiwa nyumbani, mke wangu namwona. Msaragambo wangu uwe huo."

Mtu akacheka, kwa sababu suala la vikapu lilikuwa kweli. Walibishana saa moja nzima. Mwishowe sheria ilibadilishwa: aliyefungwa na mgonjwa atafanya kazi ya msaragambo anayoiweza nyumbani, na jina lake litasomwa kama la wengine. Mama aliyelia alirudishiwa zamu yake. Watu thelathini na mmoja walipinga, na baadhi yao hawajaacha kupinga mpaka leo.

Halafu Nakundwa akaeleza habari ya mzizi. Alijitahidi kusema kwa maneno ya kawaida. Kutakuwa na neno moja la siri, na mwenye nalo ndiye mwenye ndiva. "Sitaki kuwa nalo peke yangu. Nitaligawa vipande vitatu. Kila mtu ajue chake tu, na zamu zisibadilike mpaka watatu wakae pamoja. Kuzisoma, asome yeyote."

Kipande kimoja wakampa yeye. Cha pili, baada ya kelele nyingi, wakamwachia Zephania, na kofia yake wakamrudishia. Kwa cha tatu walitaja huyu na yule, mpaka yule mama wa misimu miwili akasema, "Mpeni Nambiza. Akili anayo, na haogopi mtu. Tena hatoki nyumbani, ukimtaka, unampata."

* * *

Jumamosi saa moja asubuhi Nambiza alipanda mpaka ndivani kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, kwenye kiti chenye mipini ya mianzi, mabegani mwa wanaume wanne waliokuwa wanagombana nani hajui kulinganisha hatua. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Njia nzima alitaja mabadiliko aliyoyaona: nyumba ya nani imeezuliwa, mti wa nani umekatwa.

Nakundwa alichomeka flashi akaanza. Safari hii hakusita. Aliifuta diski, akaigawa sehemu tatu: ndogo ya kuamkia, ya kati ya akiba ya kumbukumbu, na kubwa ya kukaa mfumo wenyewe. Akazitengeneza, akazifungua, akamimina ndani vifurushi kutoka kwenye flashi, kwa kuwa hakutaka kitu chochote kishuke kutoka angani. Vilichukua dakika arobaini. Wakati vikinakiliwa watu walikunywa uji, na Nambiza akataka aelezwe kila mstari unaopita, akaelezwa. Kisha Nakundwa akaingia ndani ya mfumo mpya kabla haujawahi kuamka, akauambia uko nchi gani na saa ngapi, akaupa jina. Waliuita Ikongwe, maana hakuna aliyekuwa na wazo bora.

"Sasa neno la siri," alisema.

Watu waligeuka wakatazama bondeni. Nakundwa aliandika chake. Zephania akaandika chake kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama mtu anayechambua mchele. Nambiza akasogezewa kibodi mapajani, akaandika kwa mkono wa kulia, polepole, bila kukosea. Skrini haikuonyesha hata nukta. Ikataka warudie. Wakarudia, ikakubali.

Saa tano na robo Nakundwa alichomoa flashi, akawasha upya. Skrini ikasema haikuona kitu cha kuwasha.

Maji ya ndiva yalikuwa yamejaa hadi ukingoni, na malango yote kumi na mawili yalikuwa yamefungwa.

"Nakundwa," Zephania alisema kwa sauti ya chini.

"Ngoja." Alifumba macho, akapitia hatua kichwani tangu mwanzo. Sehemu tatu. Vifurushi. Saa. Jina. Neno la siri. Akapiga paji lake kwa kiganja. "Kianzishi! Sikukiweka. Kile kinachouambia mwili uamke. Nilibabaishwa na herufi zenu."

Alirudisha flashi, akaingia tena, akaweka kianzishi, akahakikisha mara mbili kwamba kimekaa kwenye diski na si kwenye flashi. Akachomoa. Akawasha. Mistari ikakimbia, ikasimama, na jina likatokea peke yake juu kushoto: Ikongwe. Akaingiza vipimo na zamu. Mota ya lango la kwanza ikanguruma, maji yakaingia mferejini, na kelele waliyopiga watu ilisikika mpaka mtaa wa chini.

Saa sita ilipopiga hakuna aliyeikumbuka.

* * *

Wiki iliyofuata Nakundwa alipita kwa Nambiza na skrini ndogo ya mkononi iliyozungumza na kisanduku kwa redio. Senzota alikuwa barazani, vikapu vinane vimepangwa ukutani, cha tisa kati ya magoti.

"Nisomee zamu yetu," Nambiza alisema.

"*Lango la saba. Saa moja asubuhi. Dakika thelathini. Mrutu, msaragambo wa vikapu, kura ya mkutano.*"

Nambiza alisikiliza akitazama dari. "Saa moja ni vizuri. Anaamka kama binadamu. Lakini thelathini ni nyingi. Shamba letu dogo. Dakika kumi za mwisho maji yanapita tu na kuharibu njia ya jirani. Andika ishirini."

"Una hakika?"

"Nusu ya mwili ndiyo imelala. Kuhesabu najua."

Senzota alikubali kwa kichwa. Nakundwa akafungua faili, akaandika ishirini, akabonyeza. Mfumo ukamkatalia, kwa adabu, ukataka neno la siri. Akaingiza kipande chake. Nambiza akaingiza chake. Kialama kikaendelea kupepesa.

Nakundwa akaanza kucheka. Kazi yake mwenyewe ilikuwa imemfungia nje, sawasawa kama alivyoitaka. "Mpaka tumpate mwenyekiti," alisema.

Zephania alipigiwa simu akiwa shambani. Alikuja anahema, tope miguuni, akasimama nje ya mlango ambao alikuwa ameupita kwa miaka tisa bila kuugusa.

"Hodi," alisema.

"Karibu, Zephania," Nambiza aliita kutoka kitandani. "Ingia tu, tope litafagiliwa."

Akavua kofia bila kukumbushwa na mtu, akainama kwenye mlango, akaingia. Alikalishwa kando ya kitanda, akawekewa skrini magotini, akaanza kutafuta herufi zake, moja baada ya nyingine, huku Nambiza akitazama pembeni kwa makusudi. Mfumo ukakubali. Dakika ishirini.

"Ndiyo hiyo tu?" Zephania aliuliza.

"Ndiyo hiyo tu," alisema Nakundwa.

Zephania hakuinuka. Senzota aliweka kikapu chini, akaingia jikoni, na baada ya muda wakamsikia anasuuza kikombe cha nne cha chai.